Jinsi ya Kumchagua Mwenzako wa Kwenda Naye Kambi ya Asali Porini

Kila mwaka mvua zinapokatika na warina asali wa Tabora kuanza kufunga mizigo ya kambi, watu wanaoanza ufugaji wa nyuki huja na maswali yale yale. Nimchukue nani? Mdogo wangu ana nguvu lakini hajawahi kusogelea mzinga, je, atafaa? Nikimpata mzoefu, nimlipe fedha au tugawane asali? Kuna ubaya gani nikienda peke yangu? Nimeona ni afadhali kuyajibu mahali pamoja na kwa mpangilio, ili anayejiandaa kwa msimu wake wa kwanza apate pa kuanzia.

Swali la mwisho nalijibu hapa hapa: usiende peke yako, hata kama mizinga yako ni michache na njia unaijua.

Mwongozo huu unahusu kambi za mbali zilizo ndani ya misitu ya miyombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, ambako mtandao wa simu hupotea, njia ya gari hugeuka kuwa ya baiskeli, na zahanati ya karibu huweza kuwa mwendo wa siku nzima. Haufundishi kurina; kwa hilo muone afisa nyuki wa wilaya yako au uliza mafunzo katika Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo Tabora. Mzinga ulio pembeni mwa shamba unaweza kuurina pamoja na mtu yeyote mtulivu aliyevaa vizuri. Kambini mambo ni mengine, kwa sababu huko huyo mmoja ndiye atakayeshika kamba yako, atakayepika ukiwa umechoka, atakayekuwa shahidi wa mavuno yako na atakayekubeba ukizidiwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Anza kutafuta mtu angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Anayetafuta mwenzake wiki ya kuondoka hupata yule aliyekosa kazi nyingine. Uwe na vitu hivi:

- Kibali cha kuingia msituni, chenye majina ya wote wawili. Kwa hifadhi ya msitu ya Serikali Kuu, ulizia ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa msitu wa kijiji, serikali ya kijiji. Na kwa maeneo ya jumuiya za uhifadhi wa wanyamapori, kama Ipole wilayani Sikonge na Uyumbu wilayani Urambo, uongozi wa jumuiya husika.
- Seti mbili kamili za mavazi ya kinga: ovaroli, kofia yenye wavu, glavu na buti. Seti moja ya kupokezana haifai, na nitaeleza sababu yake.
- Mzinga mmoja ulio karibu na nyumbani, wako au wa jirani aliyekukubalia, kwa ajili ya jaribio.
- Kamba nzima, bomba la moshi, tochi mbili za kichwani na filimbi mbili.
- Daftari na kalamu kwa ajili ya makubaliano.

Jambo moja kuhusu kibali linawaponza wengi. Lililokuwa Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kutundika mizinga. Mzoefu atakayekuambia kwamba "zamani tulikuwa tunapita tu" anakueleza habari za kweli za wakati ambao umekwisha. Thibitisha mipaka mwenyewe kabla hujafuata kumbukumbu za mtu.

Hatua ya 1: Amua unamhitaji mtu kwa kazi gani

Katika kurina mizinga iliyotundikwa juu kuna nafasi mbili, ya anayepanda na ya anayebaki chini. Wanaoanza hudhani kwamba anayepanda ndiye mtu muhimu, hivyo humtafuta kijana mwepesi wa kukwea, na ya chini humwachia yeyote aliyejitokeza. Mimi naona ni kinyume chake. Aliye juu akikosea, mara nyingi huumia yeye tu. Wa chini akikosea, huanguka aliye juu.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Ni usiku, mwenzako yuko juu ya mti wa mtundu akiwa amekaa kwenye panda la tawi, na ndoo inashuka taratibu kwa kamba. Wewe uko chini na kamba imepita kiganjani mwako. Nyuki waliokasirika wamefuata ndoo. Wanatambaa kwenye wavu wa uso wako, unasikia mlio wao sikioni, na mmoja amepata upenyo kwenye kifundo cha mkono, pale glavu ilipoachana na mkono wa ovaroli. Anakuuma. Wakati huo huo, kamba ile ina uzito wa masega upande wa pili. Mtu unayemtafuta ni yule atakayeguna, akaendelea kuiachia kamba kidogo kidogo mpaka ndoo iguse ardhi, ndipo akashughulikie mkono wake.

Ukijua kwamba wewe ndiye utakayepanda, tafuta mtu wa chini mwenye subira, na umri wala wembamba wake visikusumbue. Ukijua kwamba huwezi kupanda, tafuta mkweaji, lakini ujifunze kwanza kazi ya chini mpaka uiweze. Na kama safari ni yako ya kwanza kabisa, nakushauri muwe watatu, ili mmoja akiumia, wa pili abaki naye na wa tatu afuate msaada.

Hatua ya 2: Andika majina, kisha uyachuje

Andika majina ya watu watano au sita unaowafikiria. Kisha pitia kila jina ukijiuliza swali moja: je, naweza kumwambia mtu huyu "hapana, acha, turudi nyuma" naye akatii papo hapo bila mambo kuharibika?

Swali hili ndilo linalowatoa watu ambao wengi huwachukua bila kufikiri. Baba mdogo, mjomba au mkwe anaweza kuwa mrina hodari, lakini kwa adabu zetu kijana hamkatizi mzee mbele ya kazi. Mzee akisema mti huu unapandika, kijana hunyamaza na kupanda, hata kama ameona tawi limeliwa na mchwa. Sisemi usiende na mzee wako. Wazee ndio wanaojua maji yalipo na njia za kutokea. Ila kabla ya kuondoka, mbele ya mtu mwingine anayeheshimiwa nyumbani, yasemwe wazi haya: aliye juu ya mti ndiye mwenye amri ya kazi, na neno "simama" likisemwa na yeyote, wote husimama. Mzee aliyekubali hilo mbele ya watu hataona amevunjiwa heshima atakaposimamishwa na mwanawe.

Rafiki wa karibu ana shida ya namna nyingine. Mmezoea kutaniana, hivyo ukimwambia moshi hautoshi atakucheka, na utakapokuwa umekasirika kweli atadhani bado ni utani. Kibarua usiyemjua ana unafuu wake, kwa kuwa kazi na malipo vinaeleweka, lakini hutajua ana tabia gani mpaka mfike mbali, na ndiyo maana hatua ya 5 na ya 6 hazirukwi kwake.

Tahadhari: usimchague mtu kwa sababu hana hofu. Anayejisifu kwamba huingia mzingani kifua wazi ni mtu atakayevua glavu usiku wa tatu kwa sababu zinamchelewesha, na nyuki atakaowachokoza hawatamfuata yeye peke yake. Anayesema "nyuki nawaogopa, lakini nikivaa vizuri nafanya kazi" amekueleza jambo unaloweza kulitegemea.

Hatua ya 3: Uliza habari za afya bila haya

Mazungumzo haya yafanyeni wawili, faraghani, na uanze kwa kueleza ya kwako. Muulize kama aliwahi kuumwa na nyuki na mwili ulifanyaje. Uvimbe wa mahali palipoumwa, hata ukiwa mkubwa, ni jambo la kawaida. Lakini kama alipata vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kukosa pumzi au kuzirai, huyo ana mzio wa sumu ya nyuki, na hafai kwenda kambini hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Ambaye hajawahi kuumwa hata mara moja naye hajulikani bado, asijijaribu porini.

Uliza pia kuhusu pumu, kifafa, kisukari, shinikizo la damu na dawa zozote za kila siku. Mwenye kifafa asipande mti. Anayetumia dawa za kila siku anaweza kwenda, mradi achukue za kutosha na akiba ya siku kadhaa, na akuonyeshe anakoziweka. Unayoambiwa hapa ni siri yake, usiyapeleke kijiweni.

Kuhusu pombe nina msimamo mkali ambao wengine huuona umezidi. Mtu anayekunywa wanzuki nyumbani siku ya mapumziko simkatai. Anayepakia gongo kwenye mzigo wa kambi namkataa pale pale, kwa kuwa kazi yetu ina miti mirefu, moto na giza.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu waya, mbwa na gobore

Hatua hii ni fupi kuifanya, ila athari zake ndizo kubwa kuliko zote. Watu wawili waliokutwa katika kambi moja huulizwa pamoja. Mwenzako akiwa ametega waya wa kunasa swala "kwa ajili ya kitoweo tu", na askari wa wanyamapori wakakuta nyama inakaushwa juu ya moto wenu, maelezo yako kwamba wewe ni wa nyuki hayatakusaidia usiku ule. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kupatikana na nyara za serikali huweza kufunguliwa kama shauri la uhujumu uchumi, ambalo dhamana yake si ya kuipata kirahisi.

Basi muulize wazi: unabeba nini? Kisha siku ya kufunga mizigo, kila mmoja afungue mzigo wake mbele ya mwenzake. Shoka dogo, panga na kisu cha kukatia masega ni vifaa vya kazi. Waya uliokunjwa, upinde au gobore, hata la babu, vibaki nyumbani, na mbwa wa kuwindia naye abaki. Akinung'unika kwamba kambi bila nyama haina raha, mwambie utaongeza dagaa wa Kigoma, karanga na maharage. Akiendelea kunung'unika, tafuta mtu mwingine.

Hatua ya 5: Nendeni safari ya siku moja

Kabla ya kambi yenyewe, nendeni pamoja porini asubuhi na kurudi jioni, mkiwa na kazi halisi, kwa mfano kukagua mizinga au kutengeneza njia. Chagua umbali wa kuchosha. Kila mmoja abebe mzigo kwenye baiskeli yake, na msijifanyie upole: ndoo ya lita 20 iliyojaa asali iliyochujwa hukaribia kilo 28, kwa hiyo baiskeli yenye ndoo mbili ina zaidi ya kilo 50 kabla hujaweka blanketi.

Siku hiyo usimfundishe wala kumkosoa sana; mwangalie tu. Angalia anafanya nini na maji: je, anayanywa yote kabla ya saa sita, au anauliza mbele kuna kisima? Mnapopumzika, je, anajua upande mliotokea? Msitu wa miyombo juu ya ardhi tambarare hauna kilima cha kukuelekeza, na miti yake hufanana, hivyo mtu asiyegeuka nyuma mara kwa mara kutazama njia aliyopita atapotea siku atakayofuata kuni peke yake. Ukipasua tairi, je, anashika pampu au anakaa kivulini akisubiri?

Zaidi ya yote, mwangalie na moto. Mpe kazi ya kuwasha moto wa kupikia chai, kisha uondoke kidogo. Aliyefaa atafyeka majani makavu kuzunguka mahali pa moto kabla hajawasha, na mnapoondoka atamwagia maji, atachanganya jivu kwa kijiti, na atalipapasa kwa mkono kuona kama limepoa. Asiyefaa atatawanya vijinga kwa buti na kutembea. Kuanzia Julai majani yamekauka, na kijinga kimoja kilichoachwa huteketeza mizinga yako, ya jirani na maua ya msimu ujao. Kosa hili silipi nafasi ya pili.

Hatua ya 6: Usiku mmoja wa moshi

Jaribio hili lifanyike kwenye ule mzinga wa karibu na nyumbani, baada ya jua kuzama, huku watoto na mifugo wakiwa mbali.

Kwanza, mvae pamoja na kukaguana. Mwambie akukague wewe kabla hujamkagua yeye, kwa sababu hapo ndipo utakapoona kama ni mtu wa makini. Atazame shingoni zipu inapoishia, apitishe kidole pindo la wavu, avute mkono wa ovaroli juu ya glavu na kuufunga kwa mpira, achomeke suruali ndani ya buti. Anayekupigapiga begani na kusema "uko safi" hajakukagua. Hii ndiyo sababu ya seti mbili kamili: mwenye nguo pungufu huishia kukimbia, na anayekimbia huacha kamba.

Pili, mpe bomba la moshi na umwambie alitunze lisizimike kwa muda wote wa kazi. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, ndiyo maana inafichua mtu. Moshi unaotakiwa ni mweupe, wa baridi na mwingi. Ukiona cheche zinatoka, anachoma nyuki badala ya kuwatuliza.

Tatu, subiri aumwe, maana ataumwa. Aliyeumwa anapaswa kusogea nyuma polepole, kuukwangua mwiba kwa ukucha au kwa ubapa wa kisu mara moja, kwa kuwa mwiba uliobaki huendelea kusukuma sumu, kisha kupuliza moshi palipoumwa. Moshi huo hufunika harufu ya hatari inayoachwa na mwiba, ambayo hufanana na ya ndizi mbivu na huwaita nyuki wengine waje kuuma pale pale. Akipiga mikono hewani na kukimbia kuelekea nyumbani, usimcheke. Mrudishe siku nyingine, mjaribu tena mara moja, na kama hali ni ile ile, mwambie kwa heshima kwamba kambi haitamfaa mwaka huu.

Tahadhari: wengi hufanya jaribio hili mchana ili waone vizuri. Mchana nyuki wanaoruka ni wengi na huwaumiza majirani. Kambini mtafanya kazi gizani, jaribuni gizani.

Hatua ya 7: Andikeni makubaliano ya mali

Ugomvi mwingi wa kambini ambao watu husema ni wa tabia chanzo chake ni asali ambayo haikugawanywa kwa maneno kabla ya kuvunwa. Andikeni kwenye daftari mambo haya, kila mmoja atie saini, na mwenyekiti wa kitongoji au mtu mwingine mnayemwamini ashuhudie:

1. Mizinga ni ya nani, na mwenzako analipwa fedha kwa siku au fungu la mavuno.
2. Kama ni fungu, linapimwa kwa kilo, na ni kabla au baada ya kuchuja. Ndoo "moja" yenye masega na ndoo moja ya asali safi si sawa hata kidogo.
3. Nta ni ya nani. Wanaoanza huisahau, nayo ina bei.
4. Nani analipia chakula, kibali na matengenezo ya baiskeli.
5. Mavuno yakiwa haba, au safari ikikatizwa kwa ugonjwa, malipo yatakuwaje.
6. Mkiongozwa na mlembe, yule ndege anayeonyesha asali, mpaka kwenye nyuki wa shimo la mti, asali hiyo ni ya nani, na kama kibali chenu kinaruhusu kuirina.

Kwa maoni yangu, kwa safari ya kwanza mlipeni fedha asiye na mizinga, hata mavuno yakiwa mazuri. Fungu la mavuno humfanya mtu atake kurina na masega ambayo hayajazibwa vizuri, na asali ya masega hayo ina maji mengi, huchacha, na jina linaloharibika sokoni ni lako.

Hatua ya 8: Waachieni taarifa wanaobaki

Andikeni nakala mbili za karatasi moja: majina yenu, mahali pa kambi na njia mtakayopita, siku ya kwenda, siku ya kurudi, na siku ambayo msipoonekana mtafutwe. Nakala moja ibaki kwa familia yako na nyingine kwa familia ya mwenzako, kisha mtendaji wa kijiji ajulishwe. Nakala ya familia ya mwenzako ipeleke nyumbani kwao wewe mwenyewe. Mke wake au mama yake akuone uso, akuulize anachotaka kuuliza; huenda pia ukasikia jambo kuhusu afya yake ambalo yeye alilificha.

Mkubaliane na ishara za filimbi: mlio mmoja, niko hapa, miwili, njoo, mitatu, hatari. Zijaribuni njiani.

Mambo yakienda kombo

*Mwenzangu ameumwa na nyuki wengi kwa mara moja.* Mtoeni kwanza eneo la mzinga, mbali kadiri mnavyoweza, ndipo mkwangue miiba. Akikosa pumzi, akivimba uso au ulimi, au akizirai, hiyo ni dharura ya dakika na si ya masaa. Mlazeni na kuinua miguu yake, au mkalisheni kama anapumua kwa shida, asitembee, na safari ya kwenda kituo cha afya ianze mara hiyo. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini. Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza muwasho tu. Aliyeumwa mara nyingi sana apelekwe hospitali hata akionekana mzima, hasa mkojo ukigeuka rangi kama ya chai ya rangi, kwa kuwa sumu nyingi huweza kudhuru figo.

*Siku ya pili anataka kurudi nyumbani.* Muulize sababu mkiwa mmekaa na mmekula. Njaa na usingizi mbaya wa usiku wa kwanza huzungumza sana. Kama bado anataka kurudi, rudini wote. Usimwache apite porini peke yake, na usibaki peke yako kumalizia mizinga iliyosalia. Mlipe siku alizofanya kama daftari linavyosema.

*Tumegombana na hatusemezani.* Acheni kurina mpaka msemezane, kwa kuwa kamba na ndoo haviendi kwa watu walionuniana. Gawaneni kazi za ardhini kwa siku moja, mmoja akichuja na mwingine akitafuta kuni karibu na kambi, na suala la mali lisubiri shahidi wenu nyumbani.

*Amekwenda kutafuta kuni na hajarudi.* Usikimbilie kumfuata. Piga filimbi mlio mmoja kila baada ya dakika chache, ongeza moto wa kambi ili moshi au mwanga uonekane, na umsubiri. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba aliyepotea hukaa alipo na kupiga mitatu. Ukienda kumtafuta, weka alama kwenye miti unayopita na urudi kabla ya giza, la sivyo wa kutafutwa watakuwa wawili.

*Nimekuta waya kwenye mzigo wake tukiwa tumeshafika.* Funga safari ya kurudi asubuhi yake, waya ukiwa haujategwa. Hasara ya chakula na siku hizo ni ndogo kuliko kesi.

*Tumerudi salama, lakini wiki chache baadaye nina homa.* Pori hili lina mbung'o, ambao wengi huku huwaita ndorobo, na mbung'o huambukiza malale. Homa, maumivu ya kichwa na viungo, au kidonda kilichojitokeza mahali ulipoumwa visichukuliwe kuwa malaria tu. Ukifika zahanati, mwambie mganga bila kuulizwa kwamba ulikuwa kambini porini na uliumwa na mbung'o, ili damu ipimwe malaria na malale vyote viwili. Na ikionekana ni malale, mpelekee mwenzako habari siku hiyo hiyo akapimwe naye, hata kama hajisikii vibaya. Safari ijayo acheni nguo za buluu na nyeusi nyumbani, kwa maana rangi hizo huwavuta mbung'o, na nyuki nao hukasirishwa na nguo nyeusi.